Shubiri Moja ya Kanda

Tarehe 9 Februari

Mwanangu mpenzi,

Pokea salamu nyingi, nyingi kuliko vifungo vilivyomo kwenye kopo langu. Sisi huku hatujambo. Mguu wangu ule umetulia, usiuulize. Mdogo wako amepanda darasa na sasa anajiona mkubwa, mpaka umwombe kwa heshima ndipo aende dukani. Shangazi yako alikuja kushonewa sketi. Sketi niliimaliza asubuhi, yeye akaondoka jioni. Baba yako anakusalimia sana.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza haraka nione kama kuna ugonjwa, ya pili polepole. Nimeelewa hivi, nikikosea nisahihishe. Hapo hotelini unapofua mashuka kuna bendi. Mpiga solo wao ni mzee, anastaafu. Wewe ukaenda na harufu yako ya sabuni ukamwambia kiongozi wa bendi unakitaka kiti kile. Wakacheka. Kisha mzee mwenyewe akasema: haya, binti wa mashuka, chukua solo moja ya zamani, uijue noti kwa noti, mwezi wa sita uje unipigie. Ikipungua punje, rudi kwenye pasi zako. Ndivyo?

Mwanangu, naogopa, sikufichi. Kiti kimoja, nawe peke yako mwanamke katikati ya wanaume na nyaya za umeme. Na unakumbuka alilosema baba yako siku unaondoka na gitaa mgongoni: mpaka katikati ya mwaka. Ikiwa halijawa kazi, urudi, mwenye duka la sare za shule bado anakuwekea nafasi. Baba yako akishasema jambo harudii.

Lakini umeomba kanda, basi kanda hiyo. Ni ile ile yenye solo uliyolelewa nayo, iliyokuwa inakunyamazisha ukilia. Nimeifunga kwenye kipande cha bitana nikaitia ndani ya boksi la uzi, nikampa dereva wa lori la magodoro anayepita huko. Uitunze. Kanda hiyo imetoka mbali. Ulikuwa bado unatambaa redio ilipoitafuna, nikaikuta utumbo wote uko nje. Baba yako akasema tupa. Nikamwambia, mimi situpi kitambaa kizima kwa ajili ya tundu. Nikachukua mkasi, nikakata pale palipokunjamana, nikaunga kwa selotepu, mshono safi ambao hata fundi wa redio hangeuweza. Ikaimba tena! Upande wa pili shangazi yako alikuwa amejirekodi akiimba, naye akakatika katikati ya neno. Alininunia mpaka mvua zikaisha. Lakini solo ilipona.

Ule vizuri. Mkono wenye njaa hutetemeka, najua mimi nikiwa nashona bila chai.

Ni mimi Mama yako.


Tarehe 3 Machi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, na baba pia shikamoo zake. Kanda imefika nzima, inanukia mafuta ya cherehani. Niliinusa kwanza kabla ya kuisikiliza.

Mimi ni mzima. Chumbani tunalala watatu, sote wa dobi: mimi wa mashuka, mwenzangu wa mataulo na mwenzangu wa sare za wahudumu. Wa mataulo anakoroma, lakini kwa mwendo mmoja usioyumba, ngoma ya bendi haimpati. Mdogo wangu mwambie mimi sitamwomba kwa heshima, nitamvuta sikio. Na salamu za baba nimezipokea, ila Mama, baba hajawahi kutamka neno "sana" tangu nizaliwe. Alisema nini hasa?

Nilidhani solo hii naijua. Siku ya kwanza niliipiga yote nikajipigia na makofi. Kisha nikawasha kanda, nikaona haya. Nilikuwa napiga sura yake tu, kama mtu anayemchora jirani kwa kumkumbuka: pua ipo, macho yapo, na jirani si yeye. Yule mzee, ambaye humu ndani wote wanamwita Babu Kijiti kwa sababu ya kijiti cha meno kisichomtoka mdomoni, alinikuta uani nikihangaika. Akasema, "Weka hilo gitaa chini. Imba." Nikaimba, nikapotea mara moja. "Unaona? Kama huwezi kuiimba, gitaa likusaidie nini?"

Sasa nachukua kipande kidogo, kirefu cha pumzi moja. Nakiimba huku napiga pasi foronya, mpaka mwenzangu wa mataulo naye anakiimba bila kupenda. Ndipo nakitafuta kwenye nyuzi. Hakijakaa, sisogei. Na nimegundua jambo: betri za redio zikichoka, kanda inajikokota, sauti inakuwa nzito kama ya mtu aliyeamshwa ghafla. Hapo kila noti inapita mbele yangu mojamoja, nazitazama kama mashuka kwenye kamba. Nalegeza nyuzi za gitaa mpaka zishuke zifanane na kanda, kazi inaendelea. Betri mpya sizitaki kabisa.

Ila kuna mahali katikati panataka kuniua. Mkono uko huku chini karibu na kichwa cha gitaa, kufumba na kufumbua noti inayofuata iko kule juu karibu na tumbo lake. Hakuna njia. Ni kama umemwacha mtu sebuleni, unageuka yuko juu ya paa. Sijui aliyeipiga alikuwa na mikono mitatu.

Wako mtiifu,
Binti wa mashuka.


Tarehe 21 Machi

Binti yangu,

Natumaini barua hii inakukuta na afya. Huku tupo. Mvua imenyesha, paa la jikoni limevuja palepale pa siku zote, sufuria ni ile ile ya kukingia. Shangazi yako anakuuliza kama hiyo hoteli ina nafasi ya mwimbaji. Nimemwambia sijui, nawe huna ujualo.

Ulivyosema unataka betri zilizochoka nilifikiri macho yangu yamesoma vibaya. Nikampa mdogo wako asome, naye akasoma vilevile. Basi nikapita nyumba kwa nyumba. Fundi viatu wetu akaniuliza, "Mama, unafungua jaa?" Nikamwambia, "Nina mtoto anasoma nazo." Akanitazama kwa huruma, akanipa zake zote. Baba yako akazipima kwa tochi mojamoja, zilizokufa kabisa akaziweka kando. Hizo ninazokuletea bado zinapumua, ni mahututi tu.

Umeuliza alisema nini hasa. Nilipomwambia nakuandikia wewe, alisema "mm". Lakini ilikuwa ile mm ya kupanda, si ile ya kushuka. Mimi nimeishi naye, najua kuzitenganisha. Ya kupanda ukiiandika inakuwa "anakusalimia sana".

Kuhusu kuiga, usione haya. Nilipokuwa msichana najifunza ushonaji, mtaani kwetu kulikuwa na fundi mmoja mama mkali, hamfundishi mtu. Kola zake zilikaa shingoni kama zimeota hapo. Nikapata gauni kuukuu alilolishona, nikalifumua uzi kwa uzi, nikavitandaza vipande mezani. Kisha nikalishona upya kama lilivyokuwa. Pale yeye alipopinda kidogo, nami nikapinda. Nilipomaliza sikuwa nimejua kola tu, nilijua mpaka yule mama anaketi vipi akishona, wapi anaharakisha, wapi anapumzika. Ndipo kola zangu mwenyewe zikaanza kuja. Watu wakawa wanauliza, hii kola ya nani? Ya kwangu! Kwa hiyo iga mwanangu, iga mpaka na upinde wake.

Na huko kuruka sebuleni mpaka paani kuwe kwa mkono tu. Vidole vyako vikoje? Nyuzi hazivichani?

Mama yako.


Tarehe 27 Aprili

Mwanangu,

Salamu. Hatujambo wote. Barua yako sijaiona. Dereva wa lori la magodoro nimemsimamisha mara mbili, mara ya pili alipaki mbali nisimwone. Kama umeudhika kwa yale ya fundi mkali, sema. Kama ni kazi nyingi, andika mstari mmoja tu, "kazi nyingi", nitaubandika ukutani. Kama ni jambo jingine, andika hilo jingine.

Nimekushonea blauzi ya kuvaa siku ya mtihani wako wa solo. Mikono nimeifanya mifupi isikunase kwenye nyuzi. Baba yako ameitazama akasema "mm". Sikuielewa, na hilo ndilo linalonitisha.

Mama.


Tarehe 8 Mei

Mama yangu,

Shikamoo. Kazi nyingi. Ubandike ukutani.

Mimi ni mzima kabisa. Hoteli ilijaa wageni, mashuka yalikuwa milima. Blauzi imefika, mwenzangu wa sare ameichungulia kwa ndani akasema aliyeshona mshono huu halali usingizi. Nikamwambia, humjui tu.

Habari njema: solo imekaa, yote, mwanzo mpaka mwisho. Nusu yake naweza kuipiga hata kwa vidole vitatu. Betri zako ndizo zimenifikisha. Na ule mruko, Mama, nimeupata! Uliniweka wiki na wiki. Naruka, natua pembeni, naruka, nagonga uzi mwingine. Siku moja namtazama mwenzangu wa mataulo akirusha mataulo yaliyokunjwa kwenye rafu ya juu. Anarusha huku anapiga soga, na hakosi. Nikamuuliza siri yake. Akasema, "Siri gani? Naitazama rafu kabla taulo halijaniponyoka." Nikaiacha pasi nikakimbilia gitaa. Nikatazama kule juu kwanza, ndipo nikauacha mkono uende. Ukaenda! Nikarudia, ukaenda tena. Nilipiga kelele msimamizi akadhani nimeungua.

Na kuna jambo sikulitegemea. Juzi mpiga gitaa la rizimu wa bendi aliniita nimsindikize kwa mzaha tu, nyimbo nisizozijua. Vidole vikawa vinajibu vyenyewe. Vinasema maneno ambayo sikujua kama ninayo. Nimeiga solo moja, nimejikuta nina mdomo.

Mtihani ni Jumamosi ya kwanza ya Juni. Niombeeni.

Binti yako.


Tarehe 19 Mei

Mwanangu,

Salamu za wote. Sasa niambie: vidole vitatu kwa nini? Ulizaliwa navyo vyote, nilivihesabu mwenyewe kabla mkunga hajakuosha. Na "msimamizi akadhani nimeungua", kwa nini adhani kuungua wala asidhani panya? Mimi pia nina pasi, mwanangu. Najua mvuke unapenda kidole gani.

Sitauliza tena. Kama ni kidole cha mkono wa kushoto, kisilowe, kisibanwe na bandeji usiku na mchana, kipate hewa. Kama si kidole, basi maneno haya mpe mwenzako wa mataulo.

Siku hiyo ya Jumamosi sitashona. Nitaketi tu. Baba yako amesema neno, mwanangu, neno kamili. Amesema, "Atapiga."

Mama yako anayekupenda na asiyedanganyika.


Tarehe 10 Juni

Mama,

Shikamoo. Kidole kimepona, kilikuwa cha pete, kushoto. Sasa umejua, tuendelee.

Jumamosi mchana walinisubiri ukumbi wa chakula, viti vimegeuzwa juu ya meza. Walikuwepo kiongozi, mpiga besi, mpiga ngoma na Babu Kijiti. Nilivaa blauzi yako. Mpiga besi akasema, "Binti wa mashuka, pasi umeiacha wapi?" Nikamwambia, "Nimeiacha inapata moto, ikikusubiri wewe." Wakacheka, nikapumua.

Nikapiga, nao wakanisindikiza. Mama, nilipiga kama ninavyopumua. Nikaufikia mruko, nikatazama juu, nikaruka, nikatua pale pale. Mara ngoma zikapotea njia, besi ikanyamaza.

"Simama, simama!" kiongozi akasema. "Umetuacha wapi? Amekula kipande huyu!"

"Ndivyo ilivyo kwenye kanda," nikasema.

"Kanda ipi? Solo hii tumezeeka nayo."

Walicheka mpaka mpiga besi akashika meza. Lakini Babu Kijiti hakucheka. Akakitoa kijiti mdomoni. Nadhani hakuna aliyewahi kuuona mdomo wake mtupu.

"Rudia."

Nikarudia.

"Tena. Kutoka pale pale."

Akaja akasimama karibu, anatazama mkono wangu. "Hapo katikati kuna ngazi, binti. Noti zinapanda, zinapanda, ndipo unafika juu. Wewe umefikaje bila ngazi?"

"Nimeruka."

"Naona umeruka. Nauliza, nani alikwambia inawezekana?"

"Hakuna aliyeniambia haiwezekani, Babu."

Akakirudisha kijiti. Akasema, "Nilitaka noti kwa noti, na hapa pana tundu. Kiti changu sikitoi kwa tundu. Lakini nakupa mpaka mwisho wa mwezi uitafute hiyo ngazi. Mimi sikuonyeshi, nikikuonyesha utaijua yangu. Kaitafute ya kwenye kanda. Na huo mruko wako usiuangushe njiani."

Nikatoka, nikaketi juu ya kikapu cha mashuka machafu. Nikawaza, kanda nimeisikiliza mpaka imechubuka, ngazi iko wapi? Ndipo ikanijia. Mkasi! Mama, hadithi ya mkasi na selotepu nimeisikia tangu utotoni, nimeisikia sana hata nikaacha kuisikia. Umeniandikia tena mwezi wa pili, nikacheka nikaipita.

Mama. Kile ulichokikata kilikuwa na noti.

Kumebaki siku chache, na kanda nyingine ya solo hii siioni popote, nimeshazunguka maduka yote. Nisipoipata, katikati ya mwaka ndiyo hii, nitarudi kushona sare. Nisaidie.

Binti yako.


Tarehe 17 Juni

Mwanangu,

Salamu baadaye.

Nianze na yangu. Kanda ningeitupa kama nilivyoambiwa, ungejifunza nini, ukimya? Niliokoa solo nzima kasoro shubiri moja, na mtu haulizwi kwa shubiri. Hilo limekwisha.

La pili. Mimi ni fundi. Mtu mwingine angekitupa kile kipande, fundi hatupi kipande. Niliposoma barua yako nilimwaga kopo la vifungo mezani, na chini kabisa, kimejikunja kwenye kifungo cha koti, kipo! Nimekipima: shubiri moja, na ni shubiri ya mkono wangu mdogo. Fundi wa redio anasema kimekunjamana mno, hakiwezi kuimba tena. Nilitaka kulia.

La tatu, na hili liketie chini. Barua yako nilikuwa nimeisoma kwa sauti. Baba yako yuko mlangoni na baiskeli ya mtu ameigeuza magurudumu juu, ananyoosha spoku. Mimi nimesimama na kipande mkononi, nasikia mluzi. Solo yetu. Nikasema moyoni, anajifariji. Mluzi ukafika pale pa kuruka, mdomo wangu mimi ukaruka kama kawaida, lakini mluzi haukuruka. Ukapanda. Mwanangu, ukapanda taratibu, hatua kwa hatua, kama mtu anayepanda ngazi amebeba mtoto aliyelala. Sijawahi kuusikia. Yaani niliusikia zamani, kabla ya mkasi, nikausahau.

"Baba watoto, hiyo umeitoa wapi?"

"Ndivyo ilivyo."

"Na miaka yote hii unaisikia imekatwa?"

"Mm."

"Mbona hukusema?"

Akalizungusha gurudumu, akalitazama mpaka likasimama. Akasema, "Siku ile ulipoiunga, ulikuwa umefurahi sana."

Sana, mwanangu. Kwa mdomo wake mwenyewe. Niliketi.

Basi nikachukua redio, ile ile yenye njaa, nikamwekea mbele. Alikataa, nikamkazia macho. Amepiga mluzi mara tatu na mara zote tatu ni sawasawa, utasikia na gurudumu likizunguka nyuma. Kanda tupu haikuwepo, nimerekodi juu ya ile kanda nyingine, shangazi yako aliyojirekodi upya baada ya mkasi. Kwa hiyo sasa amekatwa mara mbili, usimwambie mtu.

Kwenye bahasha nimetia na kipande chenyewe. Hakiimbi, lakini ni chako.

Salamu zenu nyote humo. Kimbia.

Mama.


Tarehe 4 Julai

Mama yangu, baba yangu,

Shikamooni! Shikamooni tena!

Nimeketi kwenye kiti. Naandika nikiwa nimeketi juu yake, sitaki kushuka.

Mluzi wa baba ulifika asubuhi, mpaka mchana nilikuwa nimeuimba, jioni uko vidoleni. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Rahisi! Miezi yote hii narukia ghorofani, kumbe ngazi ipo, tena pana, ina hata pa kushikia. Baada ya ule mruko, ngazi ilikuwa kama kutembea uani.

Nikampigia Babu Kijiti uani, kati ya kamba za mashuka. Alifumba macho mwanzo mpaka mwisho. Alipoyafungua akasema, "Punje haijapungua. Nani kakufundisha?" Nikamwambia, baba yangu, kwa mdomo, huku ananyoosha gurudumu. Akasema, "Ndiyo maana inazunguka vizuri." Kisha akasogea, akaninong'oneza: "Sasa nipigie ya kwenu." Nikampigia yenye mruko. Akacheka mpaka kijiti kikamdondoka, hakukiokota.

Jumapili alasiri bendi inapigia wageni bustanini. Katikati ya onyesho Babu akasimama, akanikabidhi kiti mbele ya watu wote, akashuka. Kiongozi akahesabu, tukaingia. Mzunguko wa kwanza nikapiga kama ilivyo, noti kwa noti, na ngazi yake. Wageni watu wazima wakawa wanaimba nayo, mmoja akamshika mkewe mkono. Mpiga besi akanikonyeza: tena! Mzunguko wa pili nikafika pale, nikatazama juu. Nikaruka.

Mama, bustani ikalipuka! Wahudumu waliweka sinia chini wapige makofi. Wenzangu wa dobi walijipanga kwenye ukumbi wa juu wanapunga foronya, wa mataulo anapiga kelele, "Rafu! Rafu!" na hakuna aliyemwelewa ila mimi. Nami nikaendelea, nikaanza kupiga vitu ambavyo havimo kwenye kanda yoyote, vinanijia tu, na mpiga ngoma ananifuata kila ninakokwenda. Nilimtafuta Babu Kijiti kwa macho. Alikuwa ameketi kwenye viti vya wateja, ameagiza soda, mguu juu ya mguu. Tulipomaliza kiongozi akamwuliza mbele ya wote, "Vipi, tumwambie arudi Jumamosi?" Babu akasema, "Mimi nimeshastaafu, mwulizeni mwenye kiti."

Jumatatu nimetia saini. Mpiga solo, ndivyo ilivyoandikwa. Baba alisema likiwa kazi. Mwambie limekuwa kazi. Na mwenye duka la sare asiningoje.

Kipande chako nimekibandika ndani ya tumbo la gitaa, hakionekani. Mwenzangu wa mataulo alirekodi onyesho lote kwa redio yetu. Nakuletea kanda. Safari hii tulitia betri mpya.

Binti yenu, wa solo.


Tarehe 22 Julai

Mwanangu, mpiga solo,

Nakusalimu kwa sauti ya juu, majirani wasikie. Mguu wangu hauumi, na leo sisemi uongo. Paa la jikoni bado linavuja, livuje tu. Mdogo wako anajitambulisha kote kuwa ni mdogo wa mpiga solo, na sasa hata nikimwomba kwa heshima haendi dukani.

Kanda ilipofika sikuifungua peke yangu. Nilimwita fundi viatu, maana zile betri zilikuwa zake, nikamwita shangazi yako, tukaketi mlangoni. Baba yako akaizima baiskeli, yaani akaacha kuizungusha. Ukaanza. Nasi tukaimba na wewe, si unajua humu ndani kila mtu anaijua. Tukafika pale. Sote tukaruka, kama tulivyozoea, tuko juu ya paa tunakungoja, kumbe wewe bado unapanda ngazi! Shangazi yako akasema, "Mbona anachelewa?" Baba yako tu ndiye hakuruka. Alipanda nawe hatua kwa hatua, kwa mluzi mdogo, mkafika juu pamoja.

Ulipofika mzunguko wa pili nilijua utafanya nini. Nikamshika fundi viatu mkono, maskini, kucha zangu. Na uliporuka tuliruka wote, mlango mzima. Watu walipokupigia makofi huko, na sisi tukapiga huku. Wapita njia wakasimama kuuliza kuna harusi gani. Kisha ukaingia kule kwako, kule kusikokuwa kwenye kanda yoyote. Nikaacha kuimba. Nilisikia kola, mwanangu. Nikauliza kwa sauti, "Hii kola ya nani?" Hakuna aliyenielewa, nikajijibu mwenyewe.

Nikamgeukia baba yako. "Umefurahi?"

Akasema, "Sana." Shahidi ni fundi viatu.

Ila redio yetu nayo ilifurahi. Tulipoirudisha kanda mwanzo ikaanza kukwaruza, nikasikia kabisa imeng'ata. Niliizima upesi, nikaitoa taratibu kwa sindano ya kufumia, imekunjamana kidogo tu, kama urefu wa kidole. Mkasi ulikuwa mezani. Baba yako akautazama mkasi, akanitazama mimi. Akauchukua, akauweka kwenye kiti, akaukalia.

Nimemaliza kuandika barua hii yote, gauni la mteja linangoja kukatwa, na bado hajainuka.

Mama yako.